Bi Zaibun Haulizi Cheti

Saa mbili asubuhi, joto la Mei limekwisha kujaa vichochoro vya Bhopal, India. Watu wa huku wanaapa kwamba mwezi huu kuku hutaga mayai yaliyokwisha chemshwa. Bi Zaibun, mwenye miaka hamsini na nne, anapita mlango kwa mlango na swali lake moja: "Kitu kikiharibika hapa mtaani, mnamwita nani?"

Hiyo ndiyo kazi yake. Shirika dogo la mtaani humlipa rupia elfu tisa kwa mwezi awatafutie ajira vijana walioacha shule.

"Ukiwauliza vyeti wanatazama chini," anasema. "Ukiwauliza majirani, jina linatoka lenyewe."

Kichochoro hiki kilitoa jina la Farhin, binti wa miaka ishirini na mmoja aliyeishia darasa la nane. Kwa miaka minne ametengeneza vipoza hewa vya jirani zake wote, yale masanduku ya bati yenye feni na maji. Malipo ni chai na dua.

Leo anajaribiwa katika karakana ya Bwana Kushwaha. Baba yake amekubali shingo upande: siku moja tu. Akikataliwa, habari ya kazi isisikike tena nyumbani.

Tatizo ni mama. Alisikia "ameitwa", hakungoja neno la pili. Jana aligawa kilo tatu za ladu, vile vitamu vya mviringo, mtaa mzima, kama afanyavyo mzazi ambaye mtoto wake ameshaajiriwa.

"Mama Farhin, umefanya nini?" Bi Zaibun anashika kichwa. "Ameitwa kujaribiwa tu!"

"Sasa nikazidai? Jirani Sughra peke yake kala nne. Nenda kazitoe tumboni mwake."

Karakanani, Bwana Kushwaha anamtazama binti kuanzia ushungi hadi kandambili. "Shangazi, nilitaka fundi. Umeniletea bibi harusi."

"Mpe mota uone harusi."

Binti anasukumiwa kipoza hewa ambacho mafundi wawili wameshasema mota yake imeungua. Farhin anainusa, anazungusha feni kwa kidole.

"Mota nzima hii. Kapasita ndiyo imekufa."

Anabadilisha hicho kifaa kidogo cha kuiwashia mota, anawasha. Upepo unamvaa Bwana Kushwaha usoni, na waliokuwepo wanasema masharubu yake yote yalihamia shavu la kushoto.

"Nani kakufundisha?"

"Joto, bwana."

Bwana Kushwaha anajikuna shingo. "Lakini hapa hakuna choo cha wanawake."

"Mkeo si anakaa hapo juu?" Bi Zaibun anadakia. "Yeye hujisaidia wapi, Delhi?"

Mafundi wanaangua kicheko. Bwana Kushwaha anajaribu kununa, anashindwa. "Jumatatu. Rupia mia tatu kwa siku. Akichelewa, asije."

Nje, Farhin anajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Bi Zaibun bado hashangilii. Kati ya vijana arobaini aliowapeleka kazini mwaka jana, kumi na mmoja walirudi nyumbani kabla ya miezi mitatu, wengi wao mabinti. Ndiyo maana amepanga kumsindikiza huyu mwezi mzima, kwa miguu, mpaka baba azoee kumwona akitoka.

Na baada ya hapo?

"Natamani siku moja kipoza hewa changu kife, nimpigie simu," anasema, "naye aniambie, 'Shangazi, nina wateja sita mbele yako. Panga foleni.'"