Simu Niliyompa Mama

Leo mama amekosa kumuaga shoga yake wa tangu utotoni, na kosa ni langu.

Nilipopata simu mpya, ile ya zamani nilimpa yeye. Si ndivyo tufanyavyo sote hapa Malindi?

Wiki iliyopita aliniita. "Mwanangu, hii imeandika maneno ya Kizungu. Nisomee."

Yalisema simu imezeeka, haipati tena masasisho ya usalama, na karibuni ujumbe wa makundi utakoma kuingia.

Niliyapitia juujuu. "Achana nayo, mama."

Asubuhi hii shoga yake huyo, Bi Rukia, akafariki, huko Mambrui. Tangazo likawekwa kwenye kundi la kina mama: mazishi adhuhuri. Kwa mama halikuingia.

Jirani alipokuja kumpa pole, alimkuta anakuna nazi.

"Pole ya nini?"

Tukachukua tuktuk mbio. Tulifika jeneza limeshatoka, na kwetu wanawake hawafuati makaburini.

Hakunigombeza. Alikaa mkekani na wenzake, simu mkononi, kisha akaniuliza taratibu:

"Yale maneno ya Kizungu, kwani yalisemaje?"

Mpaka sasa sijamjibu. Nyinyi mngemwambia nini?