Nilivyowaamkia Wakwe Nikiwa Bafuni

Nakiri mapema, maana najua wengine mmeshausikia mkasa huu kwa watu na wameutia chumvi ya kutosha: ndiyo, ni mimi. Yule mtu aliyewaamkia wakwe zake akiwa hana hata kitambaa mwilini, kule milimani juu ya Mkuyuni, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, ni mimi Baba Neema, muuza marumaru wa Mwembesongo mnayemfahamu. Kwa hiyo acheni kunong'onezana, niacheni niwasimulie mwenyewe, mcheke mara moja mmalize.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake kule juu tangu baba mkwe afariki. Bafu lake lilikuwa viroba vya mbolea vimezungushwa kwenye miti minne, chini tope tupu, na masika iliyopita aliteleza humo akaumia nyonga, akalala pale chini akiita mpaka jirani akamsikia. Mke wangu Theresia hakuwa na raha tena tangu siku ile. Kila jioni ni "Baba Neema, mama ataanguka tena na safari hii hatasikiwa," na mimi nikaona basi, tukajenge kwao, tuishi naye, mimi nitakuwa nashuka mjini dukani. Lakini kwetu Waluguru mnajua mambo yalivyo, ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba wa Theresia ni mzee Paskali, na mzee Paskali alikuwa hanielewi. Alishasema mbele ya watu, "Muuza marumaru huyo, tukimpa kiwanja atatumwagia zege mlima mzima." Hata hivyo akakubali kuja Jumamosi moja na ndugu zake, wale chakula, waone, atoe neno lake. Akikataa, mama anabaki peke yake, hapo hakuna mjadala.

Sasa mimi nikapata wazo (mawazo yangu haya, jamani). Nikasema nitamjengea mama mkwe bafu jipya kabla wageni hawajafika, na sitaweka marumaru hata kipande, ili mjomba aone kwamba na mimi ni mtoto wa milimani.

Nilijua hasa bafu ninalolitaka. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba yake kule Matombo, kileleni kabisa, na bafu lake lilikuwa uzio wa mianzi tu, chini mawe bapa ya mtoni, juu hakuna kitu. Alikuwa ananiingiza humo saa nne, jua likishapanda, mawe yameshashika moto kidogo, unasimama juu yake nyayo zinafurahi, maji ameyapasha na kutia mchaichai, ananisugua kwa dodoki mpaka nalia huku yeye anaimba kwa sauti yake ya puani, na mwanga unapenya kwenye mianzi unanichora mistari mwili mzima, najiona pundamilia. Nimeuza marumaru miaka mingi, za kila rangi, nimewapelekea watu mabafu ambayo mchana kweupe unawasha taa ndiyo uoge (mchana, jamani!), lakini sijawahi kuingia hata moja nikajisikia nilivyojisikia mle. Nilimkumbuka bibi yangu sana siku zile za ujenzi, mpaka kuna wakati nilikaa chini na jiwe mkononi nikalia, fundi akajifanya anatafuta panga.

Fundi mwenyewe ni Shabani, rafiki yangu wa siku nyingi. Mawe tuliyatoa mtoni, mengine niliyabeba mwenyewe kichwani. Mianzi tulikata siku hiyo hiyo, mibichi, na Shabani akataka kupigilia misumari na kukaza kwa waya, nikamwambia hapana, kamba za mgomba tu, kama kwa bibi. Akatikisa kichwa. Kisha akataka tuweke bati juu.

"Bati la nini? Nataka mwanga."

"Mwanga umeupata, bosi. Na ile njia ya pale juu je?"

"Njia ile imekufa, Shabani. Tangu barabara ya chini ichongwe, nani anapita huko, nyani?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nisimsingizie mtu. Bafu la bibi lilikuwa kileleni, juu yake hapakuwa na kitu zaidi ya mwewe. Nyumba ya mama mkwe iko katikati ya mteremko, na ile njia inapita hatua kama kumi tu juu yake, ukisimama pale unaliona bafu lote mpaka chini, kama unavyochungulia sufuria. Mimi nilipopima ukuta nilisimama ndani, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona nimefichika vizuri. Juu sikutazama. Mtu niliyezaliwa mlimani!

Ijumaa mvua ikanyesha, na kumbe maji yalizoa daraja la magogo la barabara ya chini. Sisi hatukuwa na habari. Jumamosi nimeamka alfajiri, nimepasua kuni, nimekimbizana na majogoo wawili wa kitoweo, kufika saa nne nimelowa jasho na nanuka kama beberu, na wageni tuliambiwa saa sita. Desturi inajulikana, mkwe hasogelei bafu la mama mkwe wake, siku zote nikiwa kule huwa naoga kwa jirani. Lakini nilipita pale nikaona jua ndiyo limeingia, limelala juu ya mawe, mistari ile ile ya mwanga, na maji ya moto yapo jikoni, Theresia na mama yake wako nyuma wanamenya ndizi. Nikajiambia dakika tano tu, nalijaribu tu, mama atalikuta limekauka.

Nikaingia. Jamani, ilikuwa raha! Nikajipaka sabuni kuanzia kichwani hadi miguuni, povu limenijaa, macho nimefumba, na nikaanza kuimba ule wimbo wa bibi, tena kwa sauti ya puani kama yeye, kwa hiyo nyayo za watu sikuzisikia kabisa.

"Hodi hapo! Ni mkwe wetu huyo?"

Sauti ya mzee Paskali. Juu ya kichwa changu.

Mtu mwenye akili angechuchumaa. Mimi mama yangu alinifunza kwamba mkubwa akikuita unasimama na unaamkia, hilo liko damuni, haliombi ruhusa kwa akili. Nikasimama wima, nikanyoosha shingo, nikapaza sauti, "Karibu mjomba! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mjomba."

"Neema hajambo?"

"Hajambo."

"Na mdogo wake, kile kikohozi?"

"Kimepona, mjomba."

Nikafumbua jicho moja. Kumbe kukosa daraja kumewapandisha njia ya juu, na walitoka mapema wakiogopa kuchelewa. Walikuwa wamejipanga pale njiani kama watu wanaopigwa picha: mzee Paskali mbele na fimbo yake, nyuma kaka wengine wawili wa mama mkwe, halafu mdogo wao, mama mdogo Anastazia, mwishoni katekista wa kigango. Mmoja anatazama mawingu. Mwingine anahesabu migomba. Katekista ameinamia viatu vyake kama ndiyo kwanza anaviona. Ni mzee Paskali peke yake aliyekuwa ananitazama usoni kwa tabasamu, kwa sababu (hili sikulijua mpaka baadaye) ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa mbali anaona umbo na rangi tu. Na wale wenzake wafanye nini? Mzee anasalimia, utamkatizaje?

"Biashara mjini inaendeleaje?"

"Inaenda, mjomba." Nilikuwa na dodoki moja tu na sehemu za kufunika ni nyingi.

"Na huko kwenu Matombo, mahindi?"

"Yamebeba, mjomba."

"Vizuri. Naona leo umevaa shati jeupe, mkwe. Umependeza."

Hapo mama mdogo Anastazia akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini njiani, kanga mdomoni, na kaka zake nao wakapasuka, na mzee Paskali akawa anageuka huku na huku anauliza, "Nini? Kuna nini?" Mimi ndiyo nikakumbuka kuchuchumaa. Nimerudi nyuma kwa pupa, mguu wenye sabuni ukapanda jiwe la mto, nikateleza, nikadaka mwanzi. Mianzi ilikuwa imeshaanza kukauka na kunywea, kamba za mgomba zimelegea, ukuta mzima wa mbele ukaondoka na mimi. Puu! Tukalala uwanjani pamoja.

Na nani yuko uwanjani? Mama mkwe. Amesikia sauti za wageni, ametoka na jagi la togwa kuwapokea. Jagi lilianguka, yeye akapiga ukelele, "Yesu na Maria!" akajifunika uso kwa kanga, akageuka kurudi ndani na nusura aukumbatie mlango. Nilitamani ardhi inimeze. Nikakwapua ndoo, nikaishika mbele, nikakimbilia migombani, na nyuma sikuwa na ndoo.

Nilikaa kule kama nusu saa, povu linanikaukia, siafu wamenigundua. Theresia akaja na nguo. Sikuthubutu kumtazama.

"Mjomba amesemaje?"

"Hajasema kitu." Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Wewe, nilikuomba kitu kimoja tu, siku moja ya kutulia. Mama yangu nitamweleza nini?"

Hilo liliniuma kuliko siafu. Nikavaa, nikaenda kukaa nao kwenye chakula. Mama mkwe hakutoka ndani. Katekista akanisogezea maji bila kunitazama. Mzee Paskali alikula, akanawa, akashika fimbo.

"Nipelekeni kwenye hilo bafu."

Nikamwongoza mwenyewe. Akavua viatu akasimama juu ya mawe, jua bado limejaa mle ndani. Akainamisha kichwa, akapapasa jiwe kwa unyayo.

"Mawe ya mtoni haya?"

"Ya mtoni, mjomba. Nimeyabeba mwenyewe."

"Humu naiona miguu yangu," alisema. Sauti ilimbadilika. "Kule kwa mwanangu mjini wana bafu la marumaru, dirisha kama la kibanda cha njiwa, mimi mle sioni kitu, naogeshwa na mkwe wangu kama mtoto mchanga. Mzee mzima mimi. Nileteeni maji."

Tukausimamisha ukuta na kuukaza kwa waya (Shabani, nisamehe), Theresia na mama mdogo wakatundika kanga upande wa juu, mimi nikapelekwa njiani kuzuia wapita njia. Nikiwa kule juu nikamsikia mzee anajimwagia maji, anaguna kwa raha, na nikageukia mlima upande wa pili ili asinione ninavyofuta machozi, ingawa asingeniona hata hivyo. Nililia kwa ajili ya bibi, na kwa ajili yake, na kwa aibu iliyobaki.

Alipotoka amejifunga kanga ya mpwa wake, akaketi, akatoa neno mbele ya wote. "Kiwanja nampa. Lakini ajenge kule juu ya njia, sio chini yake, ili sisi ndio tuwe tunatazamwa." Wakacheka mpaka mama mkwe naye nikamsikia anacheka ndani, na Theresia akanishika mkono mbele ya wajomba zake, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Msingi tumeshachimba. Mzee Paskali anakuja kuoga kila Jumamosi, mimi ndiye mlinzi wa njia, na ukoo mzima unaniita Shati Jeupe, hata watoto wadogo. Nimekubali yote. Ila nimeapa jambo moja, na mnishuhudie: nikiwa na povu mwilini siamkii mtu. Apite mjomba, apite padri, apite askofu mwenyewe, mimi kimya kama sipo, na wakisema muuza marumaru hana adabu, waseme, nitawaamkia nikishavaa.