Kompyuta Ndogo Iliyomletea Bibi Mto

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile bibi yangu aliponiuliza kama maji yameshajaa.

Tulikuwa hapahapa Magomeni, katika chumba cha uani, na kutoka pale husikii maji yoyote isipokuwa ya ndoo za jirani. Bibi Somoe alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, anatazama ukuta kama mtu anayetazama mbali. Nikamwambia, "Bibi, tuko mjini." Akasema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa, "Najua tuko mjini. Nauliza huko kwetu."

Kwao ni upande wa Kilambo, Mto Ruvuma unapokaribia bahari, maji matamu na ya chumvi yakichanganyika katikati ya mikoko. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba mwili wake hauwezi tena safari ile. Nyumbani tukawa tunamwona akienda huko peke yake, akiwa amelala palepale kitandani. Alikuwa akisikiliza. Unamwita, anainua kidole umngoje, halafu uso unamlegea kwa sababu alichokuwa akikitafuta hakikuja.

Mimi nilikuwa kijana bado, nina kazi yangu ya ofisini na ugonjwa wa kufungua redio mbovu, ugonjwa ambao naona umeurithi wewe. Nikasema nitamletea sauti ya kwao. Nikampigia binamu yangu Selemani, anayeishi karibu na maji kulekule, nikamwomba arekodi kwa simu. Alinitumia, maskini, kwa moyo wote: pumzi zake mwenyewe, pikipiki, mtu anamwuliza anafanya nini. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo ni Selemani. Mwambie nimemsikia."

Ndipo nikaelewa kwamba alichokitaka hakitoki mbele za watu. Kinatoka kabla watu hawajaamka, na lazima kitu kikae pale chenyewe, siku kadhaa, kikisikiliza.

Nikaenda Chikongola, humuhumu mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme, kutafuta zile kompyuta za bodi moja. Wewe umezizoea. Mimi, mara ya kwanza kukishika kile kijibao cha kijani kiganjani, nikaambiwa kuwa ni kompyuta nzima, nilihisi kama nimeshika mji unaoonekana kutoka angani, barabara zake zote zikimeta. Muuzaji alikuwa na za aina mbili. Moja ndogo, ya polepole, ya bei nafuu. Nyingine kubwa, ya kasi, ina feni juu yake, na bei yake ilikuwa juu sana kwa mfuko wangu.

"Dada, chukua hii kubwa," akaniambia. "Hiyo ndogo utaichoka kesho."

Nikarudi nyumbani nikiiota ile kubwa. Nilijiona natazama filamu kwayo, nafundisha watoto wa mtaa, natengeneza hiki na kile. Kufika jioni nilikuwa na kazi kumi za kuipa, na mto wa Bibi umekuwa kitu kidogo kimoja pembeni. Nikakaa kitandani kwake nikamsimulia. Alinisikiliza kwa muda mrefu, mkono wake juu ya wangu.

"Hiyo kubwa, ina kelele?"

"Ina feni, Bibi. Inapata joto, basi feni inaipoza."

"Na feni inalia?"

"Kidogo tu."

Akafumba macho. "Basi utaiweka mtoni, nayo itajisikiliza yenyewe."

Nilicheka, lakini kicheko kilikatika. Akaendelea, safari hii bila upole: "Mjukuu wangu, mimi sijui vitu vyenu. Lakini tangu umeanza kusema, umetaja watoto, umetaja filamu. Mto hujautaja. Unanunua kwa ajili ya nani?"

Nikanunua ile ndogo.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuiandaa, memori kadi ikaharibika, nikaanza upya. Nikaiunganisha na chaja ya simu kuukuu, ikawa inazima na kujiwasha yenyewe kama mtu mwenye degedege; kumbe chaja ilikuwa dhaifu. Kilichoniokoa ni kwamba bodi ile ilikuwa na watu wengi wanaoitumia. Nikiandika tatizo langu mtandaoni, mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, ananijibu kwamba naye yalimpata, fanya hivi. Mwishowe ikakubali: maikrofoni ndogo, pawabenki, paneli ya sola isiyozidi sahani, vyote ndani ya kopo la plastiki la kuhifadhia chakula. Kwa sababu bodi ilikuwa inakula umeme kidogo mno, jua la mchana liliitosha hadi kesho yake.

Nikamtumia Selemani, naye akamweleza mwenyekiti wa kijiji, asije mtu akaogopa kopo lenye nyaya, kisha akalifunga kwenye mkoko. Mvua ikanyesha kubwa wiki ile. Kila nikisikia bati linapigwa, nilikuwa naona maji yakiingia ndani ya kopo, na Bibi kila siku anakula kijiko kimoja pungufu.

Kopo liliporudi kwangu lilikuwa na tope hadi kwenye mfuniko. Ndani, kukavu.

Nikamwekea sauti zilizorekodiwa alasiri, dirisha limefungwa, kanga imening'inia kuzuia mwanga. Mwanzo hakukuwa na kitu, kimya kizito tu, halafu kimya kile kikaanza kuwa na vipande: matone, kaa wakikwaruza tope, ndege mmoja, ndege wengine, kiboko akipuliza pumzi mahali fulani chini. Bibi aliinua kidole. Safari hii uso haukulegea.

"Yanajaa," akasema. "Sikia yanavyopanda kwenye mizizi."

Tukakaa humo, mwanangu, sijui muda gani. Chumba kilikuwa kimejaa asubuhi ya mahali pengine. Kisha kwa mbali sana, ng'ambo ya maji, sauti ya mwanamke ikaita mtoto. Jina halikusikika, ulibaki ule mwito tu, mrefu, wa mama asiye na haraka.

Bibi yangu akainua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, akaitika kwa sauti ya msichana ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake: "Abee, mama! Nakuja!"

Alilaza kichwa, akatabasamu, akalala. Kila alasiri baada ya hapo aliniomba nimwekee, na masika yalipokwisha akatuaga, mto ukiwa unasikika pembeni yake.

Sasa umenijia na picha za bodi kwenye simu, unataka ya kupima joto la banda la vifaranga, na rafiki zako wanakusukuma ununue ile inayosifiwa. Mimi si mzee sana wa umri, ila katika nyumba hii ndiye mkubwa niliyebaki, kwa hiyo nisikilize. Itaje kazi kwanza, kwa sauti, kabla hujataja mashine. Jiulize itakaa wapi, umeme itaupata wapi, ikikwama utamwuliza nani. Uweke kando fedha ya chaja nzuri na memori kadi ya kuaminika, maana bodi peke yake haifanyi lolote. Kupima joto ni kazi nyepesi. Hata iliyo ndogo kuliko ile yangu itakutosha. Kazi ikikua, utanunua nyingine, na hakuna atakayekucheka isipokuwa yule asiyetengeneza kitu.

Mungu akuongoze mikono, akupe subira ya kuanza upya kitu kikiharibika, na kila utakachokitengeneza kimfikie yule uliyemkusudia angali anasikia. Amin, mwanangu. Nenda kawaangalie vifaranga wako.