Ghala Letu na Msaragambo wa Siku ya Soko

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanaozesha mabinti. Nilisoma kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi kama sufuria la msibani; mwalimu akitaka kuniuliza swali, alimulika kwanza ajue mdomo uko upande gani. Nilipofaulu, kila mtu alinishauri nishuke Tanga nikatafute kazi. Mimi nikaenda serikali ya kijiji kuomba ghala.

Lilikuwa ghala la ushirika lililosahauliwa, huku juu milimani Lushoto, mahali ambapo ukungu unaingia ndani bila hodi na kukaa kwenye kiti. Nilipopewa, niliwafukuza panya wenye ukubwa wa mbuzi wa sadaka, nikaziba paa, vijana wakaanza kuja jioni: walioacha shule, wabeba kabichi, waosha karoti. Niliwafundisha hesabu na kuandika barua ya kuomba kazi. Wao, bila kulipwa, wakawachotea maji vikongwe na kuchimba choo kipya cha zahanati. Na mimi sikulipwa. Baba akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, alikuwa anashikwa na kikohozi.

Mwaka jana akaja mtendaji mpya kutoka pwani. Alikuwa na mnunuzi wa viazi anayetaka kupanga ghala. Mkutanoni akasema wanaoshinda mle ni wazururaji tu. Kona ya barabara ilikuwa imebomolewa na mvua, magari ya mizigo yanapita kwa dua, kwa hiyo akatangaza msaragambo: kila kaya itoke na jembe, siku ya Alhamisi. Vijana wangu wasipotokea kuitengeneza kona, ghala linakwenda kwa mwenye viazi.

Alhamisi ni siku ya soko. Huku kwetu hata mgonjwa mahututi hupata nafuu Alhamisi. Lakini hakuna aliyemwambia. Mkubwa akitangaza jambo, watu wetu huitikia "sawa" kwa adabu kabisa, halafu siku ikifika kila mmoja anakwenda zake. Kumbishia mtu mzima hadharani hawawezi. Wanamwacha ajionee mwenyewe.

Mimi nilinyoosha mkono. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba siku hiyo vijana wanatafuta unga wa wiki nzima, nikaomba tupewe siku nyingine.

"Kama wewe ni kiongozi wao, walete," akasema. "Ukishindwa, basi hakuna kikundi."

Jioni ile ghalani kulichemka. Mbeba kabichi mmoja alisema mama yake anakula kwa mgongo wake, hawezi kuuacha mgongo huo barabarani. Wengine walisema tuliachie ghala liende. Binti mmoja anayeosha karoti mtoni, ambaye kwa kawaida hatoi neno mpaka umchokoze, akaniuliza, "Kwani dada, hiyo barabara inajua leo siku gani?"

Tukacheka mpaka bati likatikisika. Kisha tukakubaliana Jumanne.

Jumanne tulitoka alfajiri na masururu na makarai, bila baragumu wala tangazo. Baridi ilikuwa ya kugandisha salamu mdomoni. Tulichimba mfereji wa maji upande wa mlima, tukajaza mawe, tukashindilia, tukapanda majani ya gwatemala kwenye ukingo ili udongo usihame tena. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. Tukamwamkia wote shikamoo, akaitikia, akauliza nani anatulipa.

"Ni wewe babu," akasema yule binti wa karoti, "siku utakayopita hapa bila kuteleza."

Mzee akacheka, akatutumia chai.

Alhamisi baragumu likalia. Nilipofika kwenye kona nilimkuta mtendaji kasimama na mabuti yake, yeye na mgambo wake tu, magari ya kabichi yanawapita kwa mwendo wa harusi.

"Vijana wako wako wapi?"

"Sokoni, Mtendaji."

"Nilisema Alhamisi."

"Ulisema kona itengenezwe. Umesimama juu yake."

Akatazama chini, akatazama mfereji. Akasema kazi ya serikali ina utaratibu, nisilete ujanja wa shule ya usiku, mwenye viazi atakuja Jumatatu.

"Basi itisha mkutano," nikamwambia. "Waambie wote waliopita hapa leo na mizigo yao kwamba waliowatengenezea ni wazururaji, na ghala wananyang'anywa. Mimi nitakaa mbele kabisa."

Mkutano hakuuitisha, na Jumatatu hakuja mtu wa viazi. Kutusifu hakutusifu, na hatukumwomba.

Bado naambiwa nitafute kazi. Nawajibu kwamba ninayo, tena inanitoa jasho kuliko ya wenye ofisi. Kama hawajui kuiita kazi, wajifunze, masomo yangu ni ya jioni na hayana ada. Alhamisi ile vijana walirudi kutoka sokoni wananuka udongo na karoti. Binti yule akavua kandambili mlangoni, akaketi benchi la mbele, akasema tuendelee na hesabu za sehemu, maana wiki iliyopita zilimtoa jasho kuliko mawe.