Chupa ya Mapovu na Safari ya Rumonge

Mimi ni mtu wa kuwaka haraka. Nikifurahi, mtaa wetu mzima wa Ngagara, hapa Bujumbura, unajua. Nikikasirika, unajua mapema zaidi. Ndiyo maana siku ile fundi alipofungua boneti ya gari letu na kunionyesha chupa ya maji iliyofungwa kando ya betri, waya mbili zikiingia ndani na mapovu yakipanda bila kupumzika, nilipiga kelele hadi mafundi wa gereji za jirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu ameungua.

"Wallahi mama, ile mapovu unaona ni idrojeni," alisema fundi huku akijifuta mikono kwa kitambaa. Ni mtu wa Buyenzi, na ndiye aliyekuwa akilitibu gari letu tangu tulinunue. "Inapita mu hii mupira, inaingia mu moteri pamoja na hewa. Esansi itatumika nusu. Nusu tu!"

"Una uhakika?"

"Ya kwangu iko nayo. Mi siwezi kukuwekea kitu sijajiwekea."

Na kweli alikuwa nayo, alinionyesha. Kama ni kudanganywa, basi tulidanganywa wote wawili, naye alitangulia.

Hiyo nusu ya petroli niliihitaji kuliko chakula. Mama yangu, anayeishi nasi, alitaka kwenda Rumonge kwa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa mgonjwa na ameanza kusahau watu. Jirani wa kule alitupigia simu akatuambia kwamba asubuhi mama mkubwa anamjua mwanawe, jioni anamuuliza yeye ni nani. Mama alisikiliza habari hiyo akiwa ameshika ungo wa mchele, akauweka chini, hakuuchambua tena. Alitaka kufika kabla dada yake hajamsahau na yeye. Hakuwa na ombi jingine.

Lakini Bujumbura ya miezi ile, petroli ilikuwa hadithi. Magari yalilala kwenye foleni na wenyewe wakalala ndani yake, na foleni ikisogea watu walisukuma kwa mikono ili wasiwashe injini. Mabasi ya Rumonge yalikuwa ya kubahatisha, na goti la mama halikunjiki, halikubali kubanwa. Mume wangu alihangaika hadi akapata kidumu kimoja cha lita kumi, akakificha nyuma ya mlango wa jikoni. Lita kumi kwa gari letu la kizee zinakufikisha Rumonge, na kinachobaki ni cha kulowesha kitambaa. Za kurudi hazipo. Sasa mtu akuambie nusu! Lita kumi zilezile, kwenda na kurudi, siku hiyohiyo, na mama tunaye!

Nilifika nyumbani nikiwa sishikiki. Nilimvuta mume wangu hadi kwenye gari, nikawasha injini, nikamwonyesha mapovu. Yeye ni karani serikalini, mtu mpole wa kuudhi, anayeweza kutazama nyumba ikiungua huku akiuliza moto umeanzia chumba gani.

"Sheri, iyo umeme ya kutengeneza mapovu inatoka wapi?" aliuliza. Sheri ni mpenzi, na huniita hivyo hasa anapotaka kunipinga.

"Si ku batri!"

"Na batri inajazwa na nani?"

"Na moteri."

"Na moteri inakula nini?"

Nilifunga boneti kwa kishindo. Kuna wanaume ukiwaletea furaha wanaigeuza kwanza kuangalia chini yake. Mama alikuwa amekaa kizingitini akitusikiliza.

"Itafika?" aliuliza.

"Itafika na kurudi, mama!" nilimjibu.

Ndani ya tangi kulikuwa na mabaki kidogo, nami nikaamua kuyatumia kumnyamazisha mume wangu. Asubuhi iliyofuata nililichukua gari hadi kazini kwangu. Ninakaa mapokezi katika ofisi moja huko Kiriri, kwenye kilima, ambako majumba yana bustani na magari yana madereva. Nilipanda kwa mguu mwepesi mno, kana kwamba kuna mtoto amelala kiti cha nyuma. Uwanja wa ofisi ulikuwa umejaa magari ya wageni, kwa hiyo niliegesha nje barabarani, palepale mlimani, pua ikiangalia juu. Nikatazama mshale wa mafuta.

Mshale ulikuwa umepanda!

Sikusema haujashuka. Nimesema umepanda. Nilitoka Ngagara ukiwa unagusa mstari mwekundu, nimepanda Kiriri yote, na sasa ulikuwa juu ya mstari kwa upana wa kidole. Nilitoka nje ya gari bila kuzima chochote. Niliruka. Nina watoto watatu na cheo cha heshima kanisani, na niliruka barabarani Kiriri mchana kweupe. Madereva wa wakubwa walikuja, mlinzi wa ofisi akaja, mmoja akaingia kwenye kiti changu akahakikisha kwa macho yake.

"Mungu wangu, hii gari inazaa esansi!" alisema.

Walichukua namba ya fundi, wote. Nilimpigia simu mume wangu ofisini kwake.

"Imepanda!"

"Nini imepanda?"

"Mushale! Mushale umepanda!"

"We uko wapi?" akauliza.

Nilikata simu. Jioni nilishuka kama watu wote wa Bujumbura walivyoshuka kutoka Kiriri miezi ile, yaani injini imezimwa na gari linajiendea lenyewe hadi tambarare. Nikafika nyumbani, nikaegesha uani, nikamwita aje ashuhudie. Tukaingiza vichwa wote wawili kwa dirisha moja. Mshale ulikuwa umelala chini ya mstari mwekundu, chini kuliko asubuhi.

Hakucheka. Ningemshukuru kama angecheka. Aliuliza tu nilikuwa nimeegesha wapi, nikamwambia. Akaenda kuchukua beseni la kuoshea vyombo, lenye maji nusu, akaliinua upande mmoja mbele yangu. Maji yote yakakimbilia upande wa pili, yakapanda hadi ukingoni.

"Ndiyo hivyo tangi yako ilifanya ku mulima," alisema.

Niliangalia lile beseni kwa chuki. Nilimwambia hata hivyo nimekwenda na kurudi Kiriri kwa mabaki tu, hilo nalo atalieleza vipi? Akaeleza, bila shaka. Kupanda, nilikanyaga taratibu kuliko siku zote za maisha yangu. Kushuka, nilizima. "Mashini haijabadilika. Ni mguu wako ndio umebadilika," alisema.

"Basi tupime vizuri!" nilimfokea. "Barabara ya tambarare, mara moja na waya, mara moja bila waya!"

"Tupime na nini?"

Hapo ndipo tulipokwama. Ili kujua kama chupa inaokoa petroli, ilikuwa lazima tuchome petroli. Petroli tuliyokuwa nayo ilikuwa ile iliyo nyuma ya mlango wa jikoni, na kila kikombe ambacho tungekichoma kwa kujaribu kingekuwa kilomita kadhaa za mama. Nadhani ndiyo maana chupa zile zilienea mjini. Zilikuja wakati ambapo hakuna mtu aliyekuwa na mafuta ya kuzipimia.

Kilichonishangaza ni kwamba mume wangu naye alianza kushikwa. Usiku aligeukageuka. Asubuhi akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekubali kucheza karata, kwamba kwenda tutafika hata chupa ikiwa bure. Kwa hiyo tukiipima, tuipimie njiani. Ikifanya kazi, tutarudi na mama jioni. Isipofanya kazi, tutajua tukiwa kulekule.

"Tutafika?" mama aliuliza.

"Tutafika, mama, na jioni uko hapa unakunywa chai yako," nilisema. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kufunga mizigo yake. Siku ya safari mume wangu ndiye aliyempakilia, mimi nilikuwa nimeshaingia kwenye gari.

Jumamosi tulitoka na mapema. Lo, jinsi nilivyofurahi! Ziwa upande wa kulia, milima upande wa kushoto, barabara karibu tupu kwa sababu nani mwingine alikuwa na petroli? Watoto wa barabarani walitupungia mikono kama tumebeba rais. Mama aliimba nyimbo za kanisani, nami nikaimba sauti ya pili, vibaya, na mume wangu aliendesha kwa mwendo mmoja usiobadilika. Jicho langu moja lilikuwa kwenye ziwa na jingine kwenye mshale. Barabara ile ni tambarare sehemu kubwa, mshale hauna pa kudanganyia.

Ulishuka. Kila nilipoutazama ulikuwa umeshuka, kwa kiasi kilekile ambacho ungeshuka mwaka wowote, na gari lolote la umri wake. Katikati ya safari mume wangu aliegesha pembeni akafungua boneti. Mapovu yalikuwepo, mazuri, yanapanda vizuri kabisa. Alichomoa waya moja, mapovu yakakoma, tukaendelea. Nilikazia mshale macho kipande chote kilichobaki. Hakikubadilika kitu. Gari halikujua tumelinyang'anya chochote.

"Sheri," alisema kwa upole, na huo upole wake ndio ulionimaliza.

Tulifika Rumonge, uani kwa mama mkubwa, taa ya kuonya mafuta kwenye dashibodi ikiwa imewaka. Nilishuka nikalipiga tairi teke, nikaumia kidole, nikalia palepale, kwa kidole na kwa mengine. Gari lisingerudi siku ile. Mabasi hayakuwepo. Tutamrudisha vipi mama? Nilikuwa nimeahidi jioni. Nilikuwa nimeahidi chai.

Mama alinipita. Alikwenda moja kwa moja hadi barazani, akikokota lile goti, ambako mwanamke mwembamba alikuwa amekaa mkekani amefunikwa kitenge. Yule mwanamke aliinua uso. Alimtazama mama kwa muda mrefu, nami nilisahau kidole. Kisha akamwita kwa jina fupi la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, akamgombeza.

"Ulikuwa wapi? Nimepika peke yangu!"

Mama alicheka hadi akalazimika kushika nguzo. Sijawahi kumwona akicheka vile. Nilipiga vigelegele, watu wa nyumba ile wakanipokea, nikawa nacheka na kulia kwa pamoja huku mume wangu akinishika bega.

Vigelegele vilipotulia nilimwendea mama kumweleza kuhusu chupa. Kwamba haifanyi kazi, kwamba petroli imekwisha, kwamba anisamehe, leo haturudi.

"Mizigo yangu iko nyuma ya gari," alisema. "Muniletee."

Nilifungua. Nilitegemea kikapu. Kulikuwa na mabegi mawili, mkeka wake wa kulalia, sufuria yake ndogo, Biblia yake, na lile koti zito la msimu wa mvua, ambao ulikuwa bado miezi mbele. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anaangalia chini. Ndiye aliyepakia.

"Mama, hii yote ni ya nini?"

"Mwananje," aliniambia, akiwa amekaa mkekani, mkono wa dada yake mapajani mwake. "Mi niliwaomba munifikishe. Kurudi ni mambo yenu."

Nilisimama pale na ile sufuria mkononi. Kila mara alikuwa ameuliza jambo moja tu, nami kila mara nikamjibu mawili. Petroli ya kumfikisha tulikuwa nayo tangu mwanzo, nyuma ya mlango wa jikoni. Chupa niliinunua ili nirudi naye.

Gari tulilifuata baadaye, mafuta yalipopatikana. Kesho yake asubuhi mimi na mume wangu tulipata nafasi kwenye lori la mawese linaloelekea Bujumbura. Lori lilipoanza kuondoka niliwapungia mkono wale dada wawili barazani, kwa nguvu, kama kichaa. Mama mkubwa alitukunjia uso, akamwinamia mama.

"Wale ni nani?"

"Ni watoto wangu," mama alimjibu kwa sauti ya juu, nasi tukasikia. "Ndio wamenifikisha."