Baiskeli ya Milimani na Keria Yake

Tangu mke wangu afariki, Jumapili zangu zimekuwa ndefu kupita kiasi. Natoka misa ya kwanza, nachemsha chai, nainywa, na siku bado haijaanza. Watoto wako Lubumbashi, wanapiga simu wakikumbuka. Nilikuwa mpweke, na upweke ulinifanya mkali hata kwa kuku wa jirani.

Kila Jumapili kikundi cha waendesha baiskeli kilipita mbele ya nyumba yangu kikielekea barabara ya Koni, vijana kwa watu wazima, wakicheka njia nzima. Siku moja mmoja wao alisimama kuomba maji. Alipomaliza kunywa akanitazama.

"Papa, na weye kuya na shiye. Tafuta tu kinga ya VTT."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu, na VTT ni zile za milimani, zenye matairi manene na gia. Huenda aliniambia niende nao kwa adabu tu. Mimi nililibeba neno lake wiki nzima.

Kule Kikula kuna muuzaji wa baiskeli zilizokwisha kutumika Ulaya. Kwa pesa yangu, ambayo haikuwa ya kuchekwa wala ya kuringia, alinitolea mbili. Moja ya bluu, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja, ina springi mbele na breki zinazoshika vizuri. Nyingine nyeusi, ya chuma kitupu, nzito kama mlango wa gereji, na gia zake zilirukaruka.

Sasa, kwetu hakuna anayenunua baiskeli bila kuipakia mzigo kwanza. Baba alifanya hivyo, na wajomba zangu wote. Nikaazima gunia la mahindi kwa mama aliyekuwa akiuza pembeni, nikalilaza juu ya tandiko la ile ya bluu, nikaisukuma. Ikapepesuka vibaya. Nyeusi haikutikisika.

"Papa, ya bleu ni ya kutembeya, haiko ya kubeba muzigo," muuzaji akasema.

"Kinga yenye haibebe ni ya kazi gani?" nikamjibu, na wote waliokuwa pale wakaniunga mkono.

Niliondoka na nyeusi, kifua mbele. Kabla ya kufika nyumbani nikapita kwa fundi wa kuchomelea, akaniwekea keria ya nondo nyuma, pana, ya kukaa miaka. Hakuna aliyenituma. Baiskeli bila keria niliiona kama haijamalizika kutengenezwa.

Jumapili nikavaa shati safi, nikawatangulia, nikawangoja njia panda. Walikuja wote isipokuwa yule wa maji. Baiskeli zao zilikuwa nyepesi, wala hata moja haikuwa na keria. Wa mbele akapunguza mwendo kwa heshima.

"Jambo, papa. Gunia ya makala ni bei gani?"

Mkaa ndio tunauita makala, na wanaoubeba hupita barabara ile kila asubuhi, kwa baiskeli za chuma zenye keria za nondo. Ningeweza kumwambia kwamba nimekuja kutembea nao. Maneno yalikuwa mdomoni. Niliona aibu, aibu ya kitoto kabisa.

"Siko nayo bado. Njo minaenda kuichukuwa," nikajibu, yaani ndiyo kwanza naenda kulichukua.

"Haya papa, uende muzuri."

Wakaondoka. Nikawafuata kwa mbali mpaka kilima cha kwanza, gia zikaniruka, wakapotea. Mbele kidogo nikanunua gunia la makala, nisije nikawa mwongo, nikarudi nalo nikisukuma. Mke wangu angecheka mpaka akae chini. Nilifika nyumbani na kisa kizuri, bila mtu wa kumsimulia.

Gunia bado liko uani, maana anayejipikia peke yake hamalizi makala upesi. Wale waendesha baiskeli wananijua sasa. "Jambo, papa makala," wanasema wakipita. Nami siku hizi nakaa nje mapema na kuinua mkono haraka, kabla hawajapita wote.