Safari ya Kumtafuta Mfalme wa Baba Mdogo

Niliondoka Iyula kwa sababu ya baba mdogo Lazaro. Alinunua Tunduma sarafu ya kale yenye kichwa cha mfalme, akaivaa shingoni na kutangaza kwamba huyo ndiye mfalme aliyezaa ukoo wetu. Tangu hapo watu walimpisha viti vya mbele. Sasa alitaka yeye ndiye aamue mambo ya ukoo badala ya shangazi Tumaini.

"Nenda ukamjue huyo mfalme," shangazi akaniambia, "kabla hajatutawala."

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha basi. Tulipoipita Vwawa, malori yalianza kuongezeka, na tulipokaribia mpaka yakawa ukuta mmoja mrefu wa matairi.

Tunduma, wabadilisha kwacha, fedha ya Zambia, walinizingira. Nikawauliza habari za sarafu za kale, wakanipeleka kwa mzee Shabani, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kigoma. Mezani kwake palikuwa na bakuli lililojaa sarafu za mfalme yuleyule.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni nani?"

"Marahaba, mwanangu. Mtazame, kisha nitazame mimi."

Pua ilikuwa moja! Taji na ndevu tu ndivyo alivyojiongezea.

"Mbona hukuweka ng'ombe?"

"Niliweka, hakununua mtu. Nikaweka mama amebeba mtungi, wakampita. Nilipojivika taji, wakaja mbio. Kila mtu anamtaka aliyeamrisha wenzake."

"Lakini unawadanganya."

"Nawaambia ni pambo, nimelitengeneza hapo nyuma. Historia wanaiweka wenyewe njiani."

Nilirudi Iyula na mfuko wa wafalme. Kwenye kikao cha ukoo nikasimulia ya mzee Shabani, kisha nikamgawia kila mtu mfalme wake. Bibi akamtundika sikioni kama hereni. Tulicheka hadi machozi.

Baba mdogo hakucheka. Aliuvua mkufu taratibu.

"Nilitaka tu mnisikilize," akasema. "Niliposema tusiligawe shamba lenye chemchemi, mliniambia mimi kitindamimba nikachochee moto."

Kicheko kikakatika. Shangazi akamsogezea kiti.

"Haya, mdogo wangu, sema tena."

Akasema, na alikuwa na hoja: tukigawana shamba, mmoja wetu atayafungia maji. Shamba halikugawanywa.

Nilidhani nakwenda kuchunguza uongo wa sarafu, kumbe nilikuwa nauchunguza ukoo wetu. Tulikiinukia kipande cha shaba, lakini mtu mwenye neno la maana tulimtuma kuni. Siku hizi baba mdogo ndiye anayefungua vikao, bila mkufu, na huongea hadi ugali unapoa.